Uzinduzi wa Kiambaza cha Nanofaiba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyesafiri kutoka Makao Makuu ya Kanda kwa gari lenye kiyoyozi na kutufikia hapa Kyela ukiwa umevaa sweta, Mheshimiwa Msaidizi wa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mwakilishi wa Msaidizi, ambaye nimearifiwa kuwa bado yuko msalani lakini itifaki inanilazimu nimtaje akiwa huko huko, waheshimiwa madiwani wa Ngana, Bujonde na Ipyana, wachungaji na mashehe, machifu wa zamani na watoto wa machifu wa zamani, Mzee Khamisi, mwenye duka la nyavu, mfanyabiashara mzalendo, wanakwaya, wagonjwa wenye uwezo wa kukaa na wagonjwa wenye uwezo wa kulala tu, mabibi na mabwana: mugonile!

(Wananchi wanaitikia kwa kelele. Mbuzi mmoja anaitikia pia na kufukuzwa.)

Itifaki imezingatiwa, na kama kuna ambaye sikumtaja, ajue nimemtaja moyoni kwa cheo chake kamili. Jina langu mnalijua, lakini kwa kuwa hotuba hii itaingia kwenye kumbukumbu za mwaka huu wa elfu moja mia tisa tisini na sita, nitalisema tena polepole: Lameck Ambilikile, Mratibu wa Teknolojia za Kisasa na Mambo Yanayofanana na Hayo, Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi, Katibu wa kamati hiyo hiyo, na mjumbe pekee aliyehudhuria vikao vyake vyote kumi na saba. (Makofi.) Asanteni, asanteni. Kaeni. Mliokaa, endeleeni.

Ndugu wananchi, tuko katika zama za soko huria. Zamani mpunga wetu na kakao yetu vilikuwa na mnunuzi mmoja, aliyekuja akipenda na kulipa akikumbuka. Leo wanunuzi wanagombana pale Ipyana mpaka mkulima inabidi awaamulie. Zamani kitambaa kilikuwa cha foleni na barua ya balozi wa nyumba kumi. Leo mtu anachagua. Hii suti ya Kaunda mnayoniona nayo, kwa mfano, ni kitambaa cha kutoka nje, hakikunjamani, hakipauki, nimeivaa miaka minne mfululizo na bado kuna watu wanaacha kusali ili waiangalie. (Mzee Khamisi anakohoa kwa muda mrefu.) Pole sana, Mzee Khamisi, vumbi hilo. Ninachotaka kusema ni kwamba katika ushindani huu wilaya isiyo na teknolojia ya kisasa itaachwa njiani, na mimi nilisimama mbele ya kamati, ambayo siku hiyo nilikuwa mimi, nikasema sisi hatuachwi, na hoja ikapita bila kupingwa.

Sasa niwaeleze tuko wapi, maana naona wengine mmefuata harufu ya wali. Tuko mbele ya chumba cha eksirei cha kituo chetu cha afya. Mashine iliyomo ililala miaka kumi na miwili, popo wakazaliana ndani yake, na wiki iliyopita mafundi wa wafadhili waliifufua na kutuletea na jenereta ya kuilisha. Mashine hii inatoa mionzi. Mionzi haionekani, hainuki wala haibishi hodi. Inapita kwenye nyama kutafuta mfupa. Mgonjwa anaipata kidogo, mara moja, anakwenda zake. Lakini yule anayebonyeza kitufe yumo mle asubuhi hadi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na kwa hiyo ni lazima asimame nyuma ya kinga, ambayo ni kile kiambaza mnachokiona mlango ukiachwa wazi, kile cha rangi ya kijivu. Kiambaza hicho ndicho tunachokizindua.

Kwa mujibu wa ratiba, nikimaliza hotuba hii, Mgeni Rasmi ataingia, ataweka mkono wake wa kulia juu ya meza, mimi nitatamka neno "tayari" kwenye kipaza sauti hiki, na fundi wetu wa eksirei, ambaye yuko humo ndani tangu saa mbili akisubiri, atabonyeza. Kisha wagonjwa ishirini na mmoja walioandikishwa leo watafuata, na kesho wengine. Nikimaliza hotuba, narudia. Kwa hiyo msishangae mkiona sina haraka ya kumaliza. (Kicheko.)

Sasa, kinga ya zamani ilikuwa mabati mazito ya madini ya risasi, yaliyopigiliwa na wajenzi wa kizungu ndani ya mlango huu na ndani ya kiambaza. Risasi ni kinga, sikatai, imekinga watu tangu babu zetu. Lakini risasi ni nzito, haina mvuto, haiendi na wakati, na mashine yenyewe mwaka wa tisini na mbili ilikuwa imekufa, sasa kinga ya nini? Ndipo ofisi yangu ilipobuni Projekti Shirikishi ya Kinga ya Mionzi kwa Kompoziti ya Nanofaiba za Polima, kwa kifupi PROSHIKIMIKONAPO. (Makofi makubwa. Sauti: "Rudia, tata!") Sirudii. Mara ya mwisho niliuma ulimi.

Nanofaiba ni nini? Shika unywele wako mmoja. Upasue mara elfu. Pale utakaposhindwa, hapo ndipo nanofaiba inapoanzia. (Kicheko. Mzee mwenye upara ananyoosha mkono kuuliza na anakalishwa na wenzake.) Elimu hii niliipata kwenye semina ya siku tatu, ambako profesa mmoja alitueleza kwamba huko duniani wataalamu wanajaribu kusokota nyuzi za plastiki nyembamba kiasi hicho, wanazichanganya na unga wa madini mazito, ili wapate kitambaa chepesi chenye kuzuia mionzi. Alisema "wanajaribu". Neno hilo mimi lilinipita, maana wakati analitamka nilikuwa nimesinzia kidogo, kitaalamu, na nilipozinduka alikuwa amefika kwenye "kitambaa chepesi" na pilau ilikuwa imefika mlangoni. Nikaandika kwenye daftari: kitambaa chepesi, ipo, tuchukue. Daftari hilo ndilo fezibiliti stadi yetu.

Takwimu sasa, maana hotuba isiyo na takwimu ni maongezi. Utekelezaji umefikia asilimia mia moja na kumi na nne. Mia ni za kazi, na kumi na nne ni za moyo wa kujituma. Fezi ya kwanza ilikuwa mchakato, fezi ya pili ilikuwa tathmini ya mchakato, na fezi ya tatu ilikuwa mchakato wa tathmini. Kiambaza kina tabaka sita na kimepita majaribio matatu ya kisayansi niliyoyasimamia mwenyewe. Jaribio la kwanza, tulimwaga ndoo ya maji upande huu, na upande wa pili pakabaki pakavu kabisa. Jaribio la pili, tulikimulika kwa tochi ya betri tatu, na upande wa pili kulikuwa giza tororo. (Mgeni Rasmi anamnong'oneza Msaidizi wake.) Jaribio la tatu, Dulla, fundi cherehani mnayemjua, alisimama nyuma yake robo saa nzima akaulizwa anasikia nini mwilini. Akajibu anasikia njaa. Kwa hiyo hakuna kilichopita.

Nikisema "Polima", semeni "Kinga"! Polima! (Kinga!) Nanofaiba! (Kinga!) Maendeleo! (Kinga!) Hapo nilitegemea mseme "Juu", lakini si neno, mmechangamka.

(Sauti ya kike kutoka upande wa akina mama: "Baba Aliko, saa zinakwenda. Sema!")

Huyo ni mke wangu, Anyosisye. Naomba asiandikwe kwenye kumbukumbu. Mke wangu alipenda hotuba hii iwe fupi, na jana aliniandikia kwenye kikaratasi hotuba aliyoona inafaa, yenye maneno sita, lakini nimeona haina utangulizi.

Basi, tukiendelea na sekta ya rasilimali watu. (Anapekua karatasi. Moja inaanguka, anaiacha.) Fundi wetu wa eksirei amesomea kazi hii miaka miwili, akarudi nyumbani akiwa wa kwanza darasani kwao. Ni mtaalamu, ni mwadilifu, ana mikono yenye utulivu. Ratiba hapa imemwandika kwa jina lake, Felista, na hii ni mara yangu ya kwanza kulitamka kwa sauti, kwa sababu, kama wenyeji mnavyojua na kama Mgeni Rasmi hajui, Felista ni mkamwana wangu. Ni mke wa mwanangu Aliko, ambaye leo yuko safarini na lori la kakao.

(Minong'ono upande wa wazee.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, niruhusu nikueleze mila yetu, maana bila hiyo hotuba hii itakuacha njiani. Kwetu, mke wa mwanao na wewe baba mkwe hamtazamani. Tunaita ukutila, kuogopana kwa heshima. Akikusikia unakuja njiani anaingia shambani mpaka upite. Hali chakula nawe, hazungumzi nawe, hakai ulipokaa. Na wewe vile vile unakohoa kabla ya kukata kona ili apate muda wa kujificha. Wakristo wengi siku hizi wameiacha, wanasema imepitwa na wakati. Mimi niliishika. Watu wakanisifu, Lameck ni msomi lakini hakuacha asili. Ukweli ni kwamba mwiko ule ulinifaa, kwa sababu mtu usiyeruhusiwa kukutana naye hawezi kukuuliza maswali. Miaka mitatu yupo nyumbani kwangu, sijauona uso wake. Namjua kwa kikohozi chake na kwa ndizi zake, ambazo anazipika vizuri kuliko wote, na Anyosisye asikasirike.

(Kikohozi cha kike kinasikika kutoka chumba cha eksirei. Lameck anageuza uso haraka upande wa wanakwaya.)

Mmesikia. Yuko pale nyuma ya kiambaza. Amesimama hapo kwa sababu mbili, ili mionzi isimpate na ili mimi nisimwone.

Sasa niseme kuhusu barua. Felista ni mtu wa utaratibu. Kabla ya kukubali kuingia chumba kile aliandika barua kwa Mratibu, kwa njia ya karani, maana karatasi haina mwiko. Aliandika: "Naomba uthibitisho kwamba kiambaza cha chumba cha eksirei kina kinga inayotakiwa." Mstari mmoja tu. Mimi nilimjibu kwa kurasa nne. Nikamweleza historia ya polima, nikamweleza tochi, nikagonga mhuri mara tatu kwa sababu wa kwanza ulitoka hafifu, nikatia sahihi. Wauguzi wenzake wakamwambia, dada, agiza kile kijisahani cha kupima mionzi, usikubali maneno matupu. Akawajibu... (Anatafuta miwani. Miwani iko usoni.) Akawajibu, "Baba mkwe ametia sahihi. Basi."

(Anasikiliza jenereta.)

Jenereta hiyo inapiga kelele kweli. Niliwahi kufikiria kumwaga mafuta yake jana jioni. Nikakumbuka kesho yangeletwa mengine. Nikafikiria kuomba mvua, na mnajua Kyela mvua haiombwi, inaombwa iondoke. Nimeomba tangu juzi, na tazameni jua hilo. Hata Mungu anaonekana ana hamu ya kusikia hotuba hii inaishaje. (Kicheko kidogo.)

Juzi Anyosisye aliniambia habari, na baba mkwe hatakiwi kuzitamka hadharani, wazee mnisamehe, faini nitalipa ng'ombe kama mtakavyosema. Mkamwana wangu ni mjamzito. Mwezi wa tano. Ndiye mjukuu wangu wa kwanza. (Vigelegele.) Acheni vigelegele, tafadhali. Acheni kwanza.

Nilimwambia Anyosisye, mwambie mkamwana asiende kazini wiki hii. Akaniuliza, kwa nini? Nikasema, tu. Akasema, "Tu haimwondoi mtu kazini." Nikasema kuna mambo ya kiofisi. Akaniangalia vile anavyoniangaliaga nikirudi nimechelewa na harufu ya pombe ya mananasi, akasema, "Lameck, mwiko unakukataza kumtazama. Haukukatazi kusema kweli mbele ya watu, na yeye akasikia akiwa huko huko aliko." Kisha akaandika kile kikaratasi.

(Mgeni Rasmi anasimama, anavua sweta, anakunja mkono wa shati. Msaidizi anaonyesha saa yake.)

Nimekuona, Mheshimiwa. Muda. Nakwenda kwenye shukrani, na shukrani zikiisha nimemaliza. Naomba ukae mpaka ziishe. Kaa, Mheshimiwa, nakuomba kwa adabu zote. Mkono wako uweke mfukoni.

Kwanza namshukuru Dulla, fundi cherehani, aliyefanya kazi siku mbili bila kuuliza swali hata moja, akashona tabaka sita za kompoziti ya polima. Polima hizo zilipatikana hapa hapa sokoni. Ni viroba. (Sauti: "Viroba vipi?") Viroba, ndugu yangu, hivi vya mchele na sukari vinavyoingia siku hizi badala ya magunia ya katani. Kiroba ni plastiki, na plastiki ni polima, hapo sikudanganya. Vilikuwa kumi na vinane. Katikati tukajaza pumba za mpunga za Bujonde, na juu tukapaka rangi ya kijivu iliyobaki ofisini, kwa sababu kimoja kiliandikwa "Mchele Safi" kwa herufi kubwa na haikupendeza.

(Vurugu. Dulla anasimama: "Mimi niliambiwa ni pazia la jukwaa la kwaya! Wallahi, pazia!" Watu wanamvuta akae.)

Kweli, nilimwambia ni pazia. Dulla hana kosa, na siku ile ya majaribio alikuwa na njaa kweli.

Pili namshukuru Mzee Khamisi. Mwaka wa tisini na mbili nilimkabidhi mabati ya risasi ya mlango huu na ya kiambaza kile, nikamwambia serikali imeyafuta kwenye orodha. Orodha niliandika mimi na kufuta nikafuta mimi. Wavuvi wa huku ziwani walikuwa wanatafuta chubwi za kuzamishia nyavu, hazipatikani, naye ni mtu wa nyavu. Hakunipa senti. Alinipa kitambaa. Kitambaa chenyewe ndicho hiki hapa kifuani kwangu, hakikunjamani, hakipauki, miaka minne. Siku za mwizi ni arobaini, mimi nimepewa na za nyongeza, nikazitumia kwenda na suti hii kanisani.

(Mzee Khamisi anasimama na bakora yake: "Nikakuuliza, Lameck, ile mali halali? Ukasema halali. Nikakuuliza mara mbili." Wananchi: "Akajibu nini?" Mzee Khamisi: "Akaniuliza kama nina vifungo vya kulingana nacho.")

Ni kweli, na ulikuwa navyo. Tatu, nawashukuru wavuvi, ambao naambiwa nyavu zenu zinazama vizuri. Kinga ya chumba hiki iko chini ya Ziwa Nyasa inawakinga dagaa. Nne, namshukuru profesa wa semina, alisema "wanajaribu", na natumaini watafika, ni wazo zuri, nililiharibia jina. Tano, naishukuru tochi, ambayo ilifanya kazi yake. Mimi ndiye sikujua kwamba mwanga wa tochi unasimama mlangoni na mionzi inaingia mpaka chumbani. Niseme sikujua? Hapana. Mwaka ule wa tisini na mbili nilisoma kijitabu cha mashine, ukurasa wa tisa, kinataja vyote vinavyozuia mionzi, viroba vya mchele havimo.

Na jambo hili lifahamike, maana leo naweza kusifiwa kwa upole na watu wenye huruma. Kabla ya juzi nilikuwa tayari. Kabla sijajua habari za mjukuu, nilikuwa nimeshaandaa neno "tayari" kwa mtoto wa mtu yeyote atakayesimama pale. Angekuwa binti wa Ngana, wa Ipyana, angesimama nyuma ya pumba zangu kila siku, na mimi ningekunywa chai. Hilo niongezeeni kwenye kumbukumbu, na karani uandike kwa wino. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini mimi nilikuwa nayaficha maradhi niwaumbue wengine.

(Mwanamke mmoja analia. Wazee wawili wanaondoka. Mgeni Rasmi amekaa, mkono mfukoni.)

Sita, nakushukuru Mgeni Rasmi kwa kutonikatiza. Naona Msaidizi wako anaandika, na aandike, jina linaanzia na L. Mgonjwa yule mwenye mguu uliovunjika, na wengine ishirini, nawaomba radhi, hakuna picha leo. Mtapelekwa kwingine kwa gari lenye kiyoyozi, kama Mheshimiwa atakubali. (Mgeni Rasmi anaitikia kwa kichwa.) Ndaga fijo, asante sana, Mheshimiwa.

(Mzee Khamisi, akiwa bado amesimama: "Ya mlango niliyeyusha yote. Bati la kiambaza lingali dukani, nimelitandika chini ya mapipa ya chumvi. Njooni mlichukue, mje na watu wanne.")

Mmemsikia! Basi, Mzee Khamisi, mali irudi kwa mwenyewe na suti irudi kwako. (Anavua koti.) Suruali nitaileta baadaye, kwa heshima ya mkutano. (Mzee Khamisi: "Suti siitaki. Imechakaa makwapani.") Imechakaa makwapani. Miaka minne nasimama mbele yenu nanyoosha mikono juu, na hakuna aliyeniambia.

Nikisema "Viroba", semeni "Aibu". Viroba! (Sauti moja ya mzee: "Aibu." Kisha wote: "Aibu!") Mratibu! (Aibu!) Hapo mmechangamka kuliko kwenye Polima.

Shukrani ya mwisho ni kwenu nyote mliotoka mbali, mkafunga mashamba na maduka, mje kushuhudia uzinduzi wa projekti ambayo haikuwapo mwaka ule, haikuwapo jana na leo haipo. Haikuwa na nyuzi, haikuwa na kamati, ilikuwa na mimi na mhuri. Mlango ule ni mbao tupu. Kiambaza kile ni pumba. Neno "tayari" sitalisema.

Nasoma sasa hotuba ya mke wangu, maneno sita kama alivyoandika. (Anafunua kikaratasi. Anageuka, anaupa mkutano na mlango mgongo, uso umeelekea ukutani.) "Mwanangu, toka humo. Kinga hakuna. Nisamehe."

(Kipaza sauti kinavuma. Ndani ya chumba ufunguo unageuzwa.)

Toka taratibu, mama. Hapo mlangoni kuna ngazi tatu, ya kati imemeguka. Mimi nimeshageuka.